Mkomafi: Ndugu wa Mwarobaini Katikati ya Mikoko

Komafi lililokomaa hulijui uzito wake mpaka ulibebe. Kwa macho ni tunda la mviringo la rangi ya kahawia, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, lenye ganda gumu mfano wa ngozi iliyokaushwa. Mkononi ni kilo moja au mbili, na mengine hufika hata tatu. Moja nililipasua kwa panga juu ya gogo, kwenye kivuli cha banda la wavuvi kusini mwa Kilwa, nikitarajia nyama laini kama ya stafeli au angalau utomvu kama wa fenesi. Hamna. Ganda lilijaa mbegu tupu, kumi na mbili kwa hesabu yangu, zenye pembe na mabapa, zimebanana bila kuacha nafasi ya kupenya ncha ya kisu. Nilizitoa zote nikazipanga kwenye mkeka, kisha nikajaribu kuzirudisha zilivyokuwa. Robo saa ilipita na tunda halikurudi.

Mzee aliyekuwa akishona wavu pembeni alinitazama muda wote huo bila kusema neno, kisha akanihurumia. "Mwanangu, hilo likishafunguka halifungiki." Nikaona nimuulize lililonipeleka: "Mzee wangu, nasikia mkomafi ni dawa. Ni kweli?" Akaweka sindano ya wavu chini. "Dawa ya nini? Ukiniuliza tunda, nitakujibu tunda. Ukiniuliza gome, nitakujibu gome. Mkomafi mzima sijapata kuusikia kuwa dawa."

Nimesoma mengi kuhusu mti huu kabla na baada ya siku hiyo, na bado naona jibu lile ndilo lililonyooka kuliko yote. Siku hizi mtu akitaja mikoko na dawa, husema kwa jumla: "mikoko inatibu", "mkomafi unatibu malaria", "mkomafi unatibu tumbo". Kauli za namna hiyo haziwezi kuthibitishwa wala kukanushwa, kwa sababu zimefunga ndani yake maswali matatu tofauti: ni mti upi hasa, ni sehemu gani ya mti huo, na ni ushahidi wa kiwango gani. Makala haya yanajaribu kuyatenganisha maswali hayo.

Mikoko si ukoo, ni ujirani

Tuanze na jina, maana hapo ndipo wengi hupotea. Neno mkoko katika Kiswahili lina maana mbili. Kwa maana finyu ni mti mmoja, ule wenye mizizi kama nguzo inayotoka shinani na kuchomeka topeni, ambao wataalamu huuita *Rhizophora mucronata*. Kwa maana pana ni kila mti unaoota mahali panapofunikwa na maji ya bahari yakijaa na kuachwa wazi yakipwa. Ndani ya maana hii pana wamo mkandaa, muia ambao sehemu nyingine huitwa msinzi, mchu, mlilana, kikandaa, msikundazi na mkomafi. Mtu wa bara akiwaona pamoja hudhani ni jamii moja. Sivyo. Mkoko, mkandaa na muia kweli ni ndugu wa familia moja, lakini mchu unatoka familia nyingine kabisa, mlilana nyingine, na msikundazi nyingine. Kilichoikusanya ni makazi: kila mmoja kwa njia yake ulijifunza kuvumilia chumvi na tope lisilo na hewa. Mikoko si ukoo, ni ujirani.

Jambo hili lina uzito mkubwa kwa anayetafuta dawa, kwa kuwa kemia ya mmea hufuata ukoo zaidi kuliko mahali unapoota. Ukitaka kukisia kilichomo ndani ya mkomafi, usiwaulize majirani zake wa topeni. Waulize ndugu zake wa nchi kavu. Na ndugu hao ni watu tunaowafahamu: mwarobaini ulioota nyuma ya nyumba nyingi za pwani, na mkangazi, ule mti wa mbao nyekundu nzuri za milango na makabati. Wote watatu ni wa familia ya Meliaceae. Mkomafi ni mmea wa familia hiyo uliokwenda kuishi baharini ukabaki na tabia za nyumbani, yaani mbao nyekundu kama za mkangazi na mbegu chungu kama za mwarobaini.

Jina lake la kisayansi, *Xylocarpus granatum*, lilitolewa mwaka 1784 na Johann Gerhard König, mwanafunzi wa Linnaeus, yule Mswidi aliyeweka utaratibu wa majina ya kisayansi, naye alifanya kazi miaka mingi kusini mwa India. Sehemu ya kwanza ni Kigiriki chenye maana ya tunda la ubao, na ya pili ni Kilatini inayolifananisha tunda hilo na komamanga. Baadaye wataalamu wengine waliuhamishia mti huu kwenye jenasi ya *Carapa*, pamoja na miti ya msituni ya Afrika Magharibi na Amerika ya Kusini, kabla ya kuurudisha kwenye jina la König. Ndiyo maana msomaji wa vitabu vya zamani vya misitu hukuta mti uleule chini ya jina la *Carapa* akadhani ni mwingine.

Kisha kuna mkomafi dume. Huu si mkomafi wa kiume, kwa kuwa mkomafi wa kawaida hubeba maua ya kiume na ya kike juu ya mti uleule. Ni spishi nyingine, ambayo orodha nyingi za pwani yetu huiandika kuwa *Xylocarpus moluccensis*. Tunda lake ni dogo, gome lake ni la mikwaruzo, na huota zaidi juu kuelekea nchi kavu. Ipo na spishi ya tatu, *Xylocarpus rumphii*, inayopenda fukwe za mawe na mchanga. Majina ya hizi mbili za mwisho yamechanganywa vitabuni kwa muda mrefu, hata na mabingwa, kiasi kwamba ripoti ya maabara inayotaja *moluccensis* yafaa isomwe kwa kuuliza kwanza kama kuna sampuli ya majani na tunda iliyohifadhiwa ili mtu mwingine aihakiki.

Jinsi ya kuutambua

Kwa bahati mkomafi wenyewe ni vigumu kuukosea. Gome lake ni laini, jembamba, nalo hubanduka vipande vipande kama rangi ya ukuta wa zamani, kikiacha mabaka ya kijani, waridi na kahawia hafifu. Ukilitazama shina lenye unyevu asubuhi utadhani mtu amelipaka madoa kwa brashi. Mizizi ndiyo maajabu yake. Badala ya kushuka, hutambaa juu ya tope ikiwa imesimama kiubavu kama mbao nyembamba, ikijipinda huku na huku mfano wa nyoka, na mgongo wake daima ukiwa juu ya matope. Sababu ni hewa. Tope la mikokoni halina oksijeni, na mzizi usipopata hewa huoza. Kwa hiyo mgongo ule ulioachwa wazi umejaa vitundu vidogo vinavyovuta hewa maji yakipwa na kuipeleka kwenye mizizi midogo iliyozama. Mchu hufanya kazi hiyohiyo kwa vijiti vilivyosimama kama penseli, na mkoko kwa nguzo zake. Shida ni moja ila kila mmoja alipata jibu lake.

Majani hukaa jozi kwa jozi juu ya kikonyo kimoja, mara nyingi manne, yenye ncha butu ya mviringo, magumu kiasi na ya kung'aa. Ukilamba jani la mchu utakuta chumvi, kwa kuwa mchu huitoa chumvi kupitia tezi za majani yake. Jani la mkomafi halina tezi hizo. Huu huizuia chumvi iliyo nyingi mizizini, na ndiyo maana haupendi ukingo wa bahari kuu ambako chumvi ni kali. Hukaa nyuma, kwenye vijito na kingo za mito ambako maji baridi huchanganyika na ya bahari. Delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko katika Afrika Mashariki, unaokadiriwa kuzidi hekta 50,000, ni mahali pazuri pa kuuona ukiwa pamoja na msikundazi.

Maua ni madogo, meupe yenye kuelekea rangi ya maziwa, yana harufu nzuri na nyuki huyafuata. Tunda huchukua miezi mingi kukomaa. Likianguka hupasuka na kuzimwaga mbegu, na hapo ule ubanano wake unaeleweka: ganda la kila mbegu ni kama kizibo, huelea, na mkondo wa bahari huipeleka mbali. Kwa njia hiyo mkomafi umeenea kuanzia pwani yetu na Madagaska, ukapita India, Asia ya Kusini-Mashariki na Australia, hadi visiwa vya Pasifiki. Mkoko hudondosha mche uliokwisha kuota juu ya mti, ule mrefu kama mkuki. Mkomafi husubiri mpaka mbegu itulie, ndipo mzizi hutokea.

Ukakasi na uchungu

Sasa tufike kwenye dawa, na hapa ninaomba msomaji atumie ulimi kabla ya kitabu. Ukitafuna kipande kidogo cha gome la mkomafi na kukitema, mdomo hukauka na kukazana, kama uliyekula ndizi mbichi au bibo lisiloiva. Huo ni ukakasi. Ukigusisha ulimi kwenye mbegu iliyopasuliwa, unachopata ni uchungu wa kweli, ule wa mwarobaini unaobaki kooni hata baada ya maji. Kiswahili kimeweka maneno mawili kwa hisia hizi mbili, na kemia inakubaliana nacho kwa kiasi kikubwa: ukakasi ni kazi ya tanini, uchungu ni kazi ya limonoidi. Ni makundi mawili tofauti ya kemikali, yaliyokolea katika sehemu mbili za mti mmoja, yakifanya kazi mbili zisizofanana. Mzee wa Kilwa aliposema ukiuliza tunda atajibu tunda na ukiuliza gome atajibu gome, alikuwa akisema jambo hili kwa lugha yake.

Tanini ni kemikali inayoshikana na protini. Ukiiweka kwenye ngozi mbichi ya mnyama, huzishika protini za ngozi hiyo na kuzifunga, nayo ngozi huacha kuoza, ikawa ngozi ya viatu. Ukiiweka kwenye wavu wa pamba huupa rangi nyekundu na kuukinga dhidi ya kuoza. Kwa ajili hiyo magome ya mikoko yalikuwa bidhaa ya kusafirishwa nje kutoka Rufiji na sehemu nyingine za pwani tangu enzi za Wajerumani, na mkandaa hasa ulijulikana kwa rangi yake. Ulimi unapokakama, ni kwa sababu tanini imeshika protini za mate.

Kazi hiyohiyo inaeleza matumizi makubwa ya gome katika tiba za asili za Asia ya Kusini, Indonesia na Ufilipino, ambako gome la mkomafi huchemshwa na kunywewa kwa ajili ya kuhara na kuhara damu. Tanini ikifika kwenye utumbo uliowaka, hushika protini za juu ya utando wake, ikaukaza na kupunguza maji yanayovuja. Watafiti wa Bangladesh waliwapa panya dondoo la gome, yaani kiini kilichochujwa humo, na kuona kuhara kukipungua. Basi hapa desturi na sayansi zinaelekezana, na sioni sababu ya kumdharau bibi aliyemchemshia mjukuu wake gome.

Lakini lazima niseme linalofuata kwa uzito uleule. Kupungua kwa kuhara si kupona. Anayekufa kwa kuhara, hasa mtoto, na hasa wakati wa kipindupindu, hufa kwa kuishiwa maji na chumvi mwilini, na gome haliwezi kuyarudisha. Kinachookoa maisha ni ORS, yaani maji yenye chumvi na sukari, iliyochanganywa kwa kipimo sahihi na kunywewa kidogo kidogo bila kukoma, pamoja na vidonge vya zinki kwa watoto, na kituo cha afya mapema iwapo macho yamezama au mkojo umekatika. Kwa anayehara damu, kuufunga tumbo kunaweza hata kuficha ugonjwa unaoendelea ndani. Kwa hiyo hata pale gome linapofanya kile lisemwalo, linafanya sehemu ndogo ya kazi.

Uchungu wa mbegu na swali la malaria

Mbegu ni habari nyingine. Limonoidi ni kemikali chungu ambazo familia ya mwarobaini imekuwa ikizitengeneza kwa wingi na kwa namna nyingi, na kwa mmea mwenyewe kazi yake kubwa ni ulinzi: wadudu wengi huukimbia uchungu huo. Siyo wote. Yupo nondo, *Hypsipyla robusta*, ambaye kiwavi wake hutoboa mbegu za mkomafi na machipukizi ya mikangazi vilevile, kana kwamba naye anautambua ukoo huu popote ulipo. Wanakemia wamevutwa na mbegu hizi kwa miongo kadhaa. Wametoa humo limonoidi nyingi sana, na baadhi zikapewa majina yanayotokana na mti wenyewe, kama vile zailogranatini na ziloksensini.

Mojawapo inayostahili kusimuliwa ni gedunini. Ilitambuliwa kwanza kwenye mti mwingine wa familia hii wa Afrika Magharibi, kisha ikapatikana kwenye mwarobaini na kwenye mkomafi. Ikiwekwa maabara pamoja na damu yenye vimelea vya *Plasmodium falciparum*, vimelea wa malaria kali, gedunini huvizuia visikue. Habari hiyo ni ya kweli, na ni mojawapo ya mizizi ya madai kwamba mkomafi unatibu malaria. Jamii kadhaa za Asia zilikuwa zikitumia mti huu kwa homa kabla ya maabara kuwapo, kwa hiyo dai halikutoka hewani.

Tatizo ni umbali uliopo kati ya kioo cha maabara na mwili wa mtu. Ndani ya kioo kemikali hukutana na kimelea ana kwa ana. Ndani ya mwili inapaswa kwanza kuvuka tumbo, kisha kupita kwenye ini, ambalo kazi yake ni kuvunjavunja vitu vigeni, kisha kufika kwenye damu ikiwa bado nyingi na ikae humo muda wa kutosha. Gedunini ilipojaribiwa kwa panya wenye malaria, nguvu yake ilishuka mno ikilinganishwa na ile ya kwenye kioo, kwa kuwa mwili huiondoa upesi. Na kutoka kwa panya hadi kwa binadamu bado ziko hatua: kipimo kipi ni salama, kipi kinadhuru ini, kipi kinafaa mtoto, kipi kina hatari kwa mjamzito. Mbegu za mkomafi hazijapita njia hiyo. Mwenye homa apimwe, na akikutwa na malaria apewe dawa mseto. Mbegu chungu isimcheleweshe hata siku moja, kwa maana malaria kali humuua mtoto ndani ya muda mfupi.

Nasema hivi si kwa kuona kwamba miti haina dawa. Dawa mseto yenyewe ina asili ya mmea: atemisinini, chimbuko la dawa moja ndani ya mseto huo, ilipatikana mwaka 1972 kutoka kwenye pakanga ya Kichina, *Artemisia annua*, na Tu Youyou aliyeongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Katika kisa chake kuna jambo linalogusa mada yetu moja kwa moja. Mwanzoni dondoo lake halikuwa likifanya kazi vizuri, mpaka aliposoma maandiko ya kale ya Kichina yaliyoelekeza kuloweka mmea kwenye maji na kuukamua, bila kuuchemsha. Akatambua kwamba moto ulikuwa ukiiharibu dawa, akabadilisha njia. Kwa maneno mengine, namna ya kuandaa ilikuwa sehemu ya dawa. Basi mtafiti anayekwenda kwa mganga wa pwani akaandika tu "mkomafi, tumbo", bila kuandika ni gome au tunda, bichi au kavu, limechemshwa au limekamuliwa, limechumwa lini na linapimwa kwa nini, amerudi na jina la mti wala hakurudi na elimu ya mganga.

Tunda linalopakwa

Katika pwani yetu matumizi ninayoyaona kuwa ya busara zaidi ni yale ya nje ya mwili. Watafiti waliowahoji wakazi wa Mida, jirani na Watamu nchini Kenya, waliandika kwamba makomafi hukamuliwa na kutumiwa kwa misuli inayouma na kwa majeraha ya miguu na mikono yanayosababishwa na samaki. Aliyewahi kuchomwa na mwiba wa tasi anajua maumivu hayo yanavyopanda kutoka kidoleni hadi kwenye paja, na ataelewa kwa nini mvuvi hutafuta cho chote kilicho karibu. Na komafi liko karibu. Watu wa Mida hao hao huutumia mzizi wa mkoko kwa tumbo lililofunga na kwa matatizo ya hedhi. Hapo pia ni mti mwingine, sehemu nyingine, shida nyingine.

Kwa mwiba wa samaki kuna huduma ya kwanza inayofahamika vizuri: kuutoa mwiba, kisha kuzamisha mguu kwenye maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi, kwa kuwa joto hupunguza maumivu ya sumu za samaki wengi. Anayetaka kupaka komafi baada ya hapo, kwenye ngozi isiyo na kidonda kirefu, simkatazi. Kidonda kilichoingia mwiba wa samaki aitwaye taa ni cha kupelekwa hospitali na kuchomwa sindano ya pepopunda.

Huko Kalimantan ya Mashariki, Indonesia, mbegu za mti huu, ambao wao huuita *nyirih*, husagwa zikachanganywa na unga wa mchele kuwa poda ya baridi ya kupaka uso dhidi ya jua. Mwanamke wa Unguja au Lamu akionyeshwa uso uliopakwa hivyo hatashangaa. Atakumbuka liwa, ule mti wa harufu nzuri unaosuguliwa juu ya jiwe. Ni bahari moja, na mawazo kuhusu ngozi na jua yamesafiri humo pamoja na mbegu.

Gome likiisha

Limebaki la mti wenyewe. Gome la mkomafi ni jembamba, na chini yake kabisa ndipo inapopita njia ya kupeleka chakula kutoka kwenye majani hadi mizizini. Akitokea mtu akabandua gome kuzunguka shina lote, hata kwa upana wa kiganja, mizizi hufa njaa na mti hukauka ukiwa umesimama. Waganga wa zamani walilijua hili, na wengi wao hukata ukanda mwembamba wa upande mmoja tu, wakaacha miaka kabla ya kurudi kwenye mti uleule. Wanaoleta hatari ni wachumaji wanaouza kwa gunia, kwani wao hawarudi.

Mkomafi hauwezi kuvumilia uchumaji huo kwa sababu haukai kwa wingi. Mikoko na mikandaa husimama kwa maelfu. Mikomafi hutawanyika, mmoja hapa na mwingine kule, na tangu zamani imekuwa ikikatwa kwa ajili ya vitanda, milango na mataruma, yaani mbavu, za vyombo vya baharini. Kisheria misitu hii ina ulinzi wa muda mrefu: ya Rufiji iliwekwa kuwa hifadhi mwaka 1898, ya Kenya ilitangazwa kuwa misitu ya serikali mwaka 1932, na Tanzania Bara ilipata mpango wake wa usimamizi wa mikoko mwaka 1991, kazi iliyobeba juhudi kubwa za Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kukata au kubandua bila kibali ni kosa. Kwa upande wa tiba, Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002 na baraza linalosajili waganga, na pale Muhimbili kipo kitengo cha utafiti wa tiba asili kilichoanza mwaka 1974, ambacho leo ni taasisi kamili. Mganga mwenye maarifa ya mkomafi ana mahali pa kuyapeleka yakaandikwa kwa jina lake na kupimwa.

Na anayetaka kuupanda asiufanye kama mkoko, ambao mtu huchomeka mche wake topeni akaondoka. Mbegu ya mkomafi iwekwe kwenye kiriba chenye tope, kivulini, imwagiliwe maji yasiyo na chumvi kali, na mche upelekwe sehemu ya juu ambako ni bamvua pekee, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo, hufika, karibu na kijito cha maji baridi. Mbegu zangu kumi na mbili sikuzirudisha Dar es Salaam. Mzee yule alizikagua moja moja, akatenga tatu zilizokuwa na kitundu cha kiwavi, na tisa zilizobaki akazikusanya ndani ya ndoo ya maji nusu nusu, akaisogeza kivulini nyuma ya banda.